Maji Tuliyoyavalia Nguo

Jumanne, Duluth. Theluji imefika madirishani,
nasi ishirini na mmoja tumekaa kwenye viti vya plastiki
kando ya bwawa, nywele zikichuruzika,
kujadili nguo.

Usicheke. Barua imetoka makao makuu:
yale mavazi ya mpira, meusi, yanayong'aa kama tairi jipya,
yamekwisha kukatazwa kwa vijana wa medali.
Je, nasi wazee wa mashindano ya Jumamosi
tuyavue, au tuachwe nayo?

Mimi ndiye mshika saa. Miaka kumi na minne
nimesimama mwisho wa njia ya tatu, kidole juu ya kitufe.
Namjua aliyepunguza sekunde nne kati ya Januari na Machi
bila kuongeza hata siku moja ya mazoezi.

Akasimama Thorvald Brekke, mwalimu mstaafu wa hesabu,
miwani imeingia ukungu:
"Nilikuwa na rekodi ya jimbo. Yadi mia mbili, chali,
wanaume wa sitini na tano hadi sitini na tisa.
Ilidumu miaka sita. Akaja daktari wa meno
na vazi la dola mia nne.
Sikushindwa na mtu. Nilishindwa na duka."

Daktari wa meno mwenyewe alikuwapo, safu ya pili.
"Na hilo goti lako la chuma, Thorvald,
ulizaliwa nalo?"

Tukaangua kicheko. Thorvald hakucheka. Alilipapasa goti lake
kama mtu anayetuliza mbwa.

Kisha kimya. Pampu ikikoroma chini ya sakafu.
Nikamtazama Ardis Niemela, miaka sabini na mmoja,
ambaye alikuwa bado hajasema neno.

Ni mimi ninayemvisha.
Dakika ishirini na tano, chumba cha kubadilishia nguo,
miguu ndani ya mifuko ya mkate ili mpira uteleze,
mimi navuta, yeye ameshikilia kabati,
inchi moja paja, inchi moja nyonga,
tunahema kama watu wanaozalisha ng'ombe.
Kabla ya zipu huliona kovu,
upande wa kushoto, limelala
pale palipokuwa na titi.
Zipu ikipanda, pande mbili zinalingana.
Hunigeukia. Husema, "Haya."
Basi.

Hilo halimo katika daftari langu la muda.

Akasema, bila kuinuka:
"Mimi huwa wa mwisho, mnajua.
Nikilivaa, huwa wa mwisho vilevile.
Ila naelea."

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.
Na haya tunayoyavalia,
tunayojikaza na kujifunga kwa ajili yake,
tukavutana hadi kucha zikakatika,
haya usemi wake uko wapi?

Kura: kumi na moja za kuyapiga marufuku,
kumi za kuyaacha.
Mkono wangu ulikuwa juu pamoja na wale kumi na mmoja.
Nilitaka kujua ninachokipima. Ndiyo sababu yangu,
na bado naitazama kila pembe
kama sarafu niliyorudishiwa sokoni.

Ardis aliuona mkono ule. Alikuwa ameketi mkabala nami.

Jumamosi alikuja na vazi lake la zamani la buluu,
limechujuka, limelegea kifuani upande mmoja.
Alilivaa peke yake, dakika mbili.
Zikatubakia ishirini na tatu.
Tukakaa kwenye benchi. Mikono yangu
haikujua pa kukaa; niliipigapiga magotini,
nikaikunja, nikaiachia.

"Una njaa?" akauliza.
Akafungua begi, akatoa mfuko wa mkate, aina ileile.
Safari hii ulikuwa na mkate ndani.