Bado Shilingi Tatu

Kiti kilitoka mnadani Ngomeni
mwaka mashamba ya mkonge yalipobadili mwenyewe.
Bwana shamba alikwisha panda meli,
kaacha sahani, mbwa, na saa isiyo na mshale.
Babu Sekidio, karani wa mizani,
aliinua mkono mara moja:
shilingi kumi na nane.
Wenzake walinunua mapipa.

Akakifunga nyuma ya baiskeli, miguu juu,
kama mbuzi wa akika,
akakisukuma hadi Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
kila dirisha likihesabu.

Kilikuwa hivi, kwa ambaye hakukiona:
mgongo umbo la kinubi, nyuzi tatu za shaba,
kichwani shada la majani, ya mti usioota kwetu;
miguu yenye mifuo, ikizidi wembamba kwenda chini,
miguu ya mtu asiyewahi kukanyaga tope.
Bibi akakishonea kitambaa cha uzi mweupe,
na juu ya kitambaa, kitambaa.

Hakikukaliwa.
Sisi tulikaa mkekani, na mkeka haukulalamika.
Alikikalia hakimu, dakika tano, nusu kalio.
Alikikalia mjumbe wa chama, akaomba maji ya pili.
Na walipokuja washenga wa shangazi Mwanakombo
wakakiona, wakatazamana,
mahari ikapanda palepale
kwa miguu minne isiyokuwa ya shangazi.

Jumanne iliyopita alikuja mnunuzi wa vitu vya kale, kutoka Dar,
shati la kitani, kioo cha kukuzia mfukoni.
Akanusa. Akagonga. Akataja karne, akataja wafalme,
akataja bei iliyomvua mama miwani.
Kisha akakipindua.

Chini, ubao ulikuwa mvule.
Mvule wa huku huku Muheza,
una michirizo ya randa yenye pengo,
na mistari ya penseli, herufi za Kiarabu.
"Nakala," akasema, kama daktari atokaye wodini.
Bei ikaporomoka, ikawa ya kitanda cha kamba.
Akajifuta mikono.

Mama akavaa miwani tena.
Hakusoma shule; alisoma chuoni, kwa fimbo ya Maalim Shekue.
Akapiga goti,
akafuata penseli kwa ukucha, kulia kwenda kushoto:

Kazi ya Nyamawi, Mwanzange.
Bwana katoa kumi na mbili.
Bado shilingi tatu.

Friji likanguruma, likanyamaza.
Mama akacheka hadi kanga ikamdondoka begani:
"Lo! Kumbe naye alikopa!"

Mgeni alipoondoka nikalitazama lile shada upya.
Majani ishirini na moja.
Ishirini ni ya huko, makali, yamebanana.
La mwisho, upande wa ukutani,
ni pana, butu nchani, mshipa mmoja katikati:
jani la mkorosho.
Miaka yote lilikuwepo, limegeuziwa chokaa.

Bei ya yule bwana hatukuichukua.
Kesho, mama kasema, niende Mwanzange
nikaulize kama Nyamawi ana wajukuu.
Usiku nilimwona akifunga sarafu pindoni mwa kanga;
akafunga, akafungua, akahesabu, akaongeza,
maana hajui tatu ya siku zile
leo ni ngapi.