Siku Arobaini na Sita

Jumatatu baada ya Sabasaba, Pongwe.
Mchoo umenyesha alfajiri, kidogo tu,
kiasi cha kulaza vumbi na kuwaudhi waliofua sare jana.
Mlinzi anagonga rimu ya lori saa kumi na mbili na nusu
na watoto wanatoka katikati ya mkonge, mstari kwa mstari,
kana kwamba nao walipandwa kwa kamba.

Usiku nimehesabu tena, kwa kidole,
kwenye kalenda ya duka la Sheuya:
ukitoa Jumamosi, Jumapili na Nanenane
zimebaki siku arobaini na sita.
Darasa la Saba bado hawagawanyi desimali.
Asilimia wanaijua dukani, ubaoni wanaisahau.
Chaki boksi mbili. Madawati ishirini na nne,
makalio sabini na moja.
Kuna mtihani wa ujirani mwema Ijumaa ya pili,
kuna moko ya wilaya, kuna moko ya mkoa,
kuna mthibiti ubora asiyesema anakuja lini,
kuna uji: kila mzazi kilo nne za mahindi,
na mpaka sasa stoo ina debe moja na panya wake.
Mwalimu Mkuu, Bwana Singano, ananiambia,
"Mwalimu Mntambo, kimbia mdogo mdogo."
Sijui mtu anakimbiaje mdogo mdogo.

Naanza na majina.
Lazima yalingane na cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi,
maana yakishapelekwa hayarudi;
likikosewa hapa, mtu atazeeka nalo.
Nawaita mezani mmoja mmoja.
Vyeti vingine vimetiwa plastiki, kimoja kina doa la samli,
cha Kibwana kimekunjwa mpaka mwezi wa kuzaliwa umetoboka.
Wote wananukia maganda ya machungwa ya Muheza.
Wengine wamerefuka likizo hii
bila kuniomba ruhusa.

"Mwanahawa Shekiondo."
Akaja, akaweka karatasi, akarudi nyuma hatua moja.

Cheti kinasema Mwanahamisi.

Nikasoma tena.
Nikafungua kabati, nikatoa rejista ya mwaka walioanza,
jalada limeliwa na mchwa pembeni,
ukurasa wa pili, namba kumi na tisa:
Mwanahawa, wino wa bluu,
na ile w yenye mkia.
Mwandiko wangu.

Miaka saba.
Nimemsifu kwa jina hilo, nimemsimamisha ukutani kwa jina hilo,
kila Desemba nimeandika kwenye ripoti,
"Mwanahawa azidishe bidii,"
na huko kwao hakuna mtu wa jina hilo
wa kuizidisha.

"Kwa nini hukuniambia?"
Akatazama vidole vyake vya miguu.
"Siku ile ulikuwa na haraka, mwalimu.
Foleni ilikuwa ndefu.
Halafu nikazoea."

Kweli. Nilikuwa na watoto mia na tatu,
kalamu moja,
na mimba ya miezi saba.

Nje rimu inalia: kipindi cha kwanza.
Nikachukua rula. Nikalikata lile jina, ambalo kumbe lilikuwa langu,
mstari mmoja, taratibu,
na juu yake nikaandika herufi kumi na moja.
Akainama kuhakikisha, pumzi ya chungwa begani kwangu,
kidole chake kikipita juu ya kila moja
kama mtoto anayeanza kusoma.
"Ndilo?"
"Ndilo."
Hakutabasamu. Alikunja cheti mara nne,
akakirudisha kwenye soksi.

Bwana Singano amechungulia mara mbili, akinionyesha saa ya mkononi.
Aonyeshe.
Desimali zipo, hazina miguu.
Nikageuza ukurasa. Namba ishirini akasogea mezani,
mtoto niliyemfundisha kushika penseli,
ninayemjua hadi kikohozi chake.

"Unaitwa nani?" nikamwuliza.