Ni, Alikuwa

Saa tano usiku, Jericho, stima imerudi,
nafungua ukurasa wake kwa simu yenye ufa.
Mtu nisiyemjua, nambari tupu badala ya jina,
ameng'oa neno moja akapanda jingine.
Palipoandikwa "Elifasi Mwakio ni mtangazaji"
sasa pameandikwa "alikuwa".

Nikafuta. Nikarudisha "ni".
Pale pa kueleza sababu nikaandika: Bado anapumua.

Nilitoka kwake jioni hiyohiyo,
ghorofa ya saba, kitanda cha dirishani.
Aliniomba nimnyooshee mto, kisha akauliza
kama bei ya mafuta ya taa imepanda tena.

Dakika nane, nambari ile imerudi. "Alikuwa."
Sababu: Inasemekana.
Inasemekana! Neno alilolipiga marufuku studioni.
"Huyu Inasemekana anakaa mtaa gani?
Nileteeni nizungumze naye."

Nilikuwa fundi mitambo wake miaka kumi na tisa,
ng'ambo ya kioo, kidole kwenye swichi.
Najua mambo ambayo ukurasa huu hauyataki:
kwamba alivua viatu kabla ya taarifa ya saa moja,
soksi ya kushoto ina tundu;
kwamba matangazo ya vifo aliyasoma amesimama,
na jina la mtoto wa marehemu hakuliruka,
hata walipokuwa kumi na wanne na muda umekwisha.
Kwamba mwaka wa themanini na nne
alimtangaza marehemu mzee Kyambati wa Kithimani,
na kesho yake Kyambati akaingia ofisini
na jogoo kwapani, akasema:
"Nimekuja kuomba radhi, nimekuharibia habari."
Tangu siku hiyo, kabla ya kusoma kifo
alipiga simu mara mbili.

Nimejaribu kuyaingiza hayo. Mara tatu.
Mara tatu msimamizi wa sijui wapi, mtu mpole,
ameacha alama ndogo juu ya sentensi zangu:
"chanzo kinahitajika".
Chanzo ni mimi, bwana. Chanzo nimekaa hapa,
nimejifunga shuka, nanywa chai ya rangi.
Lakini mimi si gazeti. Sina tarehe, sina toleo.
Na kanda tulizifuta wenyewe, kanda zilikuwa ghali:
tulirekodi mazishi juu ya harusi,
bajeti juu ya mazishi.
Sauti iliyoamsha nusu ya Eastlands
imebaki aya mbili
na mwaka wa kuzaliwa wenye mabishano.
Kitambulisho kinasema arobaini na moja,
dada yake anaapa ni mwaka wa nzige.

Nikaweka "ni". Akaweka "alikuwa".
Nikaweka. Akaweka. Nikaweka,
na hapo msimamizi akaufunga ukurasa kwa siku mbili
ili tupoe,
na bahati ikawa yangu, ukafungwa ukisema "ni".
Nililala kama mtu aliyeegemea mlango.

Alhamisi nikamsimulia.
Alicheka hadi muuguzi akaja.
"Na wewe, ulithibitisha kwamba niko hai?"
"Nilithibitisha."
"Mara ngapi?"
"Moja."
Akanyoosha mkono, akanigeuzia kiganja
nimshike mapigo.
"Haya. Mbili."

Jumapili, kabla ya adhana, dada yake akanipigia.
Nikasikiliza, nikampa pole, nikakata.
Nikampigia mimi.
"Dada Wakesho, samahani. Niambie tena."
Hakukasirika. Ameishi naye, anamjua.
Akaniambia tena, polepole,
jina kamili, saa, wodi.

Nikavua kandambili. Sakafu ya jikoni ilikuwa baridi.
Nikiwa nimesimama, nikafuta herufi mbili,
nikaandika saba.

Kabla chai haijachemka
alama ile ndogo ikaota juu ya neno langu:
"chanzo kinahitajika".

Nikaiacha.
Ndivyo angeuliza yeye.