Fomu ya Mwalimu Kalunde

Jina kamili: Kalunde Magohe.
Kuajiriwa: Januari, sabini na tisa,
mwaka wa vita, sabuni ikipangiwa foleni.
Alishuka stesheni Tabora na sanduku la bati
na kinanda cha upepo kilichofungwa khanga;
wapagazi wakakishusha polepole
wakidhani ni mgonjwa.

Kituo cha kazi: shule ya msingi, Isevya.

Somo alilofundisha:
hapa kalamu yangu inasimama.
Kwenye orodha kuna Hisabati, kuna Maarifa,
kuna Stadi za Kazi. Muziki haumo.
Yeye amekaa upande wa pili wa meza, mkoba mapajani,
miwani imefungwa sikioni kwa uzi wa cherehani.
Anasubiri. Hanisaidii.

Mwalimu, ni mimi, Nsabi,
niliyeiharibu kwaya siku ya mwenge.
Sauti yangu ilikuwa mlango wa bati kwenye upepo.
Wenzangu walicheka. Wewe hukucheka,
wala hukunitoa.
Uliniweka mwisho wa mstari, karibu na dirisha:
"Wewe utatuhesabia kimya.
Moja, mbili, tatu, nne, kisha inua kidole.
Hawa wasipojua pa kunyamaza
watapiga kelele tu."
Nikahesabu miaka mitatu.
Sijapewa tena cheo kikubwa kama kile.

Somo lilipofutwa kwenye ratiba
ulipewa stoo ya majembe.
Tukaimba kati ya mipini na magunia ya chokaa,
do, re, mi kwa mkaa ukutani,
manyanga ya vizibo vya soda,
ngoma ya debe la mafuta ya taa.
Panya walipotoboa mfuko wa kinanda
uliutia kiraka cha ngozi ya kiatu chako
ukaja kazini wiki nzima na kandambili.
Mkaguzi akauliza, "Hili linatahiniwa?"
Ukamjibu, "Linasikika."
Akaandika kitu, hatukujua nini.
Mwaka ule hukupanda daraja.
Wala uliofuata.

Kifilimbi chako cha kutafutia sauti kilipopotea
(Shija alikibadilisha kwa asali, nasi tuliila, hatukumtaja)
uliazima honi ya treni.
Saa nne na robo, behewa za mizigo zikiingia,
ulifumba macho: "Hiyo ni la. Ishikeni isianguke."
Treni ikichelewa, somo lilichelewa.

Na sauti ya pili ilipozoea kuiiba ya kwanza
ulitupeleka hadi relini, ukatuonyesha kwa fimbo:
"Hii yaenda Mwanza. Hii yaenda Kigoma.
Zimekuja pamoja, zinaachana hapa.
Ipi imepotea?"
Hakuna aliyejibu. Jua lilikuwa kali, tulitaka maji.
Mimi nililijibu swali lile nikiwa na miaka arobaini,
usiku, kitandani, bila kuulizwa.

Pili Ntabo anapiga tarumbeta bendi ya polisi.
Kasanda, yule wa koo la dhahabu,
dhahabu yenyewe ilimfukia shimoni, huko Nzega.
Kaburini ulianzisha wimbo wake wa darasa la sita,
na ulipofika sehemu yake
uliiacha wazi, mdomo umefumba,
mpaka ilipokwisha.
Nilihesabu. Ilikuwa nane.

Wategemezi?
"Andika kinanda," anasema, na kucheka
kicheko kinachoshuka ngazi moja moja.

Ofisi inataka niandike "Mengineyo."
Afisa amenielekeza, hata tahajia amenipa.
Miaka thelathini na minane, Mwalimu,
kwenye kisanduku kisichotosha ukucha.
Nimeweka kalamu, nimeiondoa.

Nje treni inapiga honi. Hii mpya hailii sawa,
imeshuka nusu; Mwalimu anakunja uso
kama aliyekanyaga msumari.
Halafu ananitazama, juu ya ule uzi wa cherehani,
anainua kidole.
"Nsabi," anasema, "hesabu."

Moja.
Mbili.
Tatu.