Swali la Kumi na Moja

Dodoso lina kurasa mbili, maswali ishirini,
na kila swali lina visanduku vitano:
hapana kabisa, kwa nadra, pengine, mara nyingi, kila siku.
Sufuri mpaka nne. Kalamu ya risasi, kwa sababu ya mvua.
Nimepanda nalo Cimpunda tangu asubuhi,
viatu vyangu vimebeba nusu ya kilima.

Mama Cibalonza ananipa kibao nikalie,
yeye anabaki amesimama, ananyofoa majani ya sombe vijitini.
"Uliza, mwanangu. Watu wa fomu wanapita, maswali hayaozi."

Ufizi unatoa damu?
"Nikipata mswaki nitakuambia."
Pembe za mdomo zinapasuka?
Ananionyesha. Naweka tatu.
Miguu inakufa ganzi?
"Ganzi ya kushinda sokoni Nyamugo juu ya ndoo iliyopinduliwa,
au ganzi nyingine?"
Fomu haijui kwamba ziko mbili.
Naandika mbili.

La saba: katika wiki nne zilizopita,
umejisikia kuchoka bila sababu?
Anacheka. Anacheka mpaka jirani anauliza kuna nini
ng'ambo ya bati, naye anamsomea swali
neno kwa neno kama lilivyotoka kwangu,
na jirani anacheka pia.
"Bila sababu!" anasema, akijifuta jicho kwa pindo la kitenge.
"Aliyeandika mwambie sababu ninazo."
Basi ni hapana kabisa. Sufuri.
Kalamu inasita, ila tulifundishwa hivyo siku mbili nzima:
andika jibu, usimwandike mtu.

La kumi na moja: jua likizama,
unaona vizuri kama wenzako?

"Wenzangu gani? Umeme umeondoka tangu Jumanne."
Huko chini Ruzizi inatoka ziwani na kuzungusha mashine,
na waya zinapita juu ya paa lake
zikienda kwa watu wengine.
"Giza letu ni moja, tunagawana.
Ila nikikuambia kweli,
Ombeni wangu anatembea. Mimi nahesabu.
Kutoka bombani mpaka hapa mlangoni ni ngazi thelathini na nne,
mkono wa kushoto ukutani, wa kulia kwenye ndoo.
Ya ishirini imevunjika, hapo namtaja Mungu.
Zamani sikuwa nahesabu."

Tangu lini?

"Tangu mawese yaanze kupimwa kwa kifuniko cha chupa."

Naangalia visanduku. Hakuna cha mawese.
"Weka hicho cha katikati," ananisaidia,
"sitaki huko wadhani ninalia."

Usiku, kituoni, najumlisha.
Kumi na saba.
Vidonge vinaanzia kumi na nane.
Najumlisha tena, kutoka chini kwenda juu,
kama muuza sukari asiyeamini mizani yake.
Kumi na saba.
Kicheko kile kilikuwa ngapi?
Na ganzi mbili, ukizitenganisha, zinafika wapi?
Ufutio uko kwenye ncha ya kalamu, mwekundu, umelika upande.
Msimamizi wetu, Bwana Mushagalusa, husema namba haina huruma
ndiyo maana inaaminika.
Anasema hivyo akila sambaza.

Nikaiacha fomu mezani, nikarudi Cimpunda.
Si kumuuliza kitu.
Pale bombani nilizima simu,
nikaweka mkono wa kushoto ukutani, nikapanda nikihesabu.
Harufu ya makaa. Mtoto mmoja anakohoa, mwingine anakatazwa.
Ukuta una unyevu, kisha bati, kisha si kitu,
kisha ukuta tena.
Ngazi ya ishirini ilinikumbuka kabla sijaikumbuka,
goti likapiga jiwe.

Nilipougusa mlango wake
nilikuwa na thelathini na tatu.

Mmoja wetu amekosea hesabu,
na mwenye macho ni mimi.