Kipande cha Mwenye Bucha

Hakikuwahi kuwekwa nyuma ya kioo.
Sarara, ndiyo, ilipangwa juu ya barafu,
mbavu zilifungwa uzi kama zawadi,
hata figo zilikuwa na sinia lao.
Hiki cheusi, kinachoning'inia peke yake
ndani ya ng'ombe, jirani na ini,
kikinuka damu na chuma,
ulikifunga kwenye gazeti la jana
ukakitia mfukoni mwa koti, kila Alhamisi,
ukapanda nacho ngazi kumi na nne.

Roubaix nzima haikujua jina lake.
Bi Vandeputte, aliyenunua kwa macho akalipa kwa manung'uniko,
siku moja alikiona kwenye gogo akauliza,
"Hicho ni cha mbwa?"
Ukamjibu, "Ndiyo, mama. Nina mbwa mmoja, anachagua sana."
Na mimi, mbwa mwenyewe, kwenye mashine ya fedha,
nikauma ulimi nisicheke.

Mwamba ngoma, Anselme, ngozi huivutia kwake.

Leo nimeshuka mwenyewe.
Juu ya mlango jina ni la Corentin, rangi bado mbichi.
Nimepanga foleni katika duka nililolipiga deki miaka thelathini na minane,
nimeshika tikiti ya foleni kama mgeni.
"Nataka kile kinachoning'inia," nikamwambia.
Masikio yake yakawa mekundu.
Nikajua: keshakitenga.
Kimo chini ya kaunta, ndani ya gazeti.
Tukatazamana kama wezi wawili
waliokutana kwenye dirisha moja.
Akakitoa. Akakipima. Yuro saba na senti kidogo,
bei ya soksi.

Mshipa ungalimo katikati,
mweupe, mgumu kama kamba ya kiatu,
umeshikanisha minofu miwili.
Wewe uliuchomoa kwa mikato miwili, ukipiga mluzi.
Mimi umenichukua robo saa,
miwani puani, matusi ya Kiflemi ya mama yangu mdomoni.

Kisha chumvi. Kisha kungoja
nyama isahau baridi ya jokofu.
Kikaango ni kile kizito cha mama yako,
kisichojua sabuni.
Nimekiacha motoni hadi tone la maji
likakimbia juu yake kama lililoitwa na mtu.

*Usiiguse.*
Sauti hiyo ni yako.
*Usiiguse, Ghislaine, nyama si mtoto mgonjwa.*

Dakika tatu. Geuza.
Dakika mbili na nusu, siagi ikitoa povu,
vitunguu vidogo vya zambarau vikilegea pembeni,
siki kidogo, moshi mwingi,
dirisha wazi ingawa ni Novemba.
Ukiipitisha hapo unatafuna raba ya baiskeli.

Halafu ipumzike.
Hapa ndipo ulipokuwa ukivua viatu.
Nimevua vyangu.

Nyuzi zake zimelala upande mmoja, kama mvua ya upepo;
kisu kinazikingama, hakiandamani nazo.
Ndani ni nyekundu, inatoa machozi kidogo kwenye ubao,
yanatosha kuchovya mkate.

Nilipokuwa nahangaika na ule mshipa
sikuwa nimepiga hesabu:
ukishauondoa, minofu ni miwili.
Mmoja wako, mmoja wangu,
ng'ombe mwenyewe alikuwa ameshatugawia.
Na mimi nimeweka sahani mbili.
Mkono una mazoea yake, haukuniuliza.

Chini, Corentin anashusha mlango wa chuma.
Leo anakwenda kwake na soseji.

Nilidhani nitalia.
Nikamega mkate, nikapaka haradali,
nikala wangu, polepole, nimekaa.
Kisha nikasimama
na, nisamehe, Anselme,
nikala wako.

Wako ulikuwa umeiva vizuri zaidi.