Meza Imepata Kazi

Shati la usaili kaniazima shemeji, Mwinshehe.
Lina vifungo sita; cha saba kimekatika.
Nikacheka peke yangu kwenye kioo, chumbani Keko Machungwa:
miaka saba niliomba kifungo kikatike,
leo kimekatika chenyewe, nami natafuta sindano.

Barua ya serikali ya mtaa ninayo.
Cheti cha useremala ninacho, daraja la pili,
chenye mhuri usiosema uligongewa wapi.
Vilibaki vidole.
Binti wa mashine akavibonyeza kimoja kimoja,
akafuta kioo, akabonyeza tena.
"Kaka, vidole vyako havisomeki. Unafanya kazi gani?"
Msasa, dada. Msasa umekula mistari yote.
Akaniambia nikae wiki mbili nisiguse mbao,
nijipake mafuta ya nazi, nirudi nikiwa mtu.

Wiki mbili bila kazi, ili niruhusiwe kuomba kazi.
Faili, ambalo hakuna aliyelipiga msasa,
lilisomeka lote, mpaka nukta.

Ghorofa ya nne, Mtaa wa Jamhuri, kiyoyozi kinakohoa.
Bi Kokugonza hana ubaya. Alinipa maji.
Akasogeza fomu:
Je, umewahi kutiwa hatiani? Ndiyo. Hapana.
Hapakuwa na kiboksi cha
niliiba nyaya nikiwa na miaka ishirini na tatu, nikalipa.

Hakimu alisema saba.
Niliihesabu mwenyewe, ikatimia.
Hakusema saba na fomu.

Ulimi wa mbao ukiuchonga sawa
unaingia tunduni, unakaa hata miaka hamsini.
Wangu ulisimama nusu njia.

Mkono, kwa mazoea tu, ukapita chini ya meza.
Ukafuata ukingo, ukafika kona ya kushoto,
ukakuta mkato mdogo kama ukucha:
alama niliyotia kwa patasi, karakana ya Ukonga,
kila nyapara alipogeuza shingo.
Mninga. Mwaka wangu wa nne.
"Hii droo ya chini," nikauliza, "masika huwa inagoma?"
Akanitazama. "Umejuaje?"

Kumbe meza ilitoka kabla yangu.
Imeingia mjini bila barua ya mjumbe,
hakuna aliyeiuliza ilikuwa wapi, na kina nani.
Ina kazi ya kudumu, inafutwa vumbi kila asubuhi,
na mimi niliyeichonga nimekaa mbele yake kama mdaiwa.

Nikatia alama kwenye Ndiyo.
Nilikandamiza kalamu hadi mninga ukasikia.

Bi Kokugonza akasoma. Akanyamaza.
Akavuta droo ya chini aiweke fomu yangu,
ikagoma. Akavuta tena.
"Usiilazimishe," nikasema. "Inataka kupakwa nta."
Hakuniambia ndiyo, hakuniambia hapana.
Aligeukia mlangoni, akaita:
"Tunu! Ule mshumaa wa mgao bado upo?"